Beda Mheshimiwa, Mwalimu Aliyefundisha Hata Saa ya Kufa

Tarehe 25 Mei ya kila mwaka Kanisa humkumbuka Mtakatifu Beda, padre na mtawa wa Uingereza, ambaye watu wa kale walimpa jina la Mheshimiwa, na jina hilo halikumtoka hata leo. Wako miongoni mwetu waliobatizwa kwa jina lake, lakini wanaozijua habari za maisha yake si wengi. Hakuwa mfalme, wala hakumwaga damu yake kwa ajili ya dini. Hakuvuka bahari kwenda kuhubiri katika nchi za mbali, wala hakupata kuwa mkuu wa nyumba yake ya kitawa. Alikuwa mwalimu. Tangu utoto wake aliishi mahali pamoja, akisoma, akifundisha na kuandika. Naye alipofariki mwaka 735 aliacha vitabu vyake, na wanafunzi waliomlilia kama baba. Mmoja wa wanafunzi hao, jina lake Cuthbert, alimwandikia mwenziwe barua kumweleza jinsi mwalimu wao alivyokufa. Kwa barua hiyo twaweza hata leo, baada ya miaka karibu 1,300, kuketi pamoja nao katika chumba kile. Habari hizo twapenda kuwasimulia ninyi wazazi, walimu na vijana, maana hakuna nyumba isiyokuwa na mtu aliyefundishwa na mwingine.

Beda alizaliwa yapata mwaka 673 katika ufalme wa Northumbria, upande wa kaskazini wa Uingereza. Ukristo ulikuwa bado mchanga katika nchi ile. Mfalme wao wa kwanza kuwa Mkristo alibatizwa mwaka 627, kwa hiyo wazee wengi waliokuwa hai Beda alipozaliwa walikuwa wameiona kwa macho yao ibada ya miungu ya zamani. Hali hiyo, ya watu ambao babu zao hawakusikia Injili na wajukuu wao wasimama altareni, sisi twaifahamu bila kuelezwa sana.

Alipotimiza miaka 7 ndugu zake walimpeleka kwa abati Benedict Biscop, ili alelewe na kufundishwa katika monasteri ya Wearmouth. Abati huyo alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, aliyeacha mali na heshima za dunia. Alisafiri mara nyingi mpaka Roma, na kila mara alirudi na mizigo ya vitabu, picha takatifu na mabaki ya watakatifu. Kutoka nchi ambayo leo ni Ufaransa alileta waashi wa kujenga kanisa la mawe, na mafundi wa kutengeneza vioo, kwa kuwa kazi hiyo haikujulikana kwao. Kutoka Roma alimleta mkuu wa waimbaji wa Kanisa la Mtakatifu Petro, awafundishe watawa wake kuimba. Hivyo mtoto Beda, ambaye hakupata kuiona Roma maisha yake yote, alikuta Roma imeletwa mpaka mlangoni pake. Vitabu ambavyo mzee yule alivibeba kwa taabu juu ya milima na bahari, ndivyo alivyovisoma Beda na kuvifundisha.

Baadaye monasteri ilipata nyumba ya pili mahali paitwapo Jarrow, chini ya abati Ceolfrith, na huko ndiko Beda alikokaa. Kanisa la nyumba hiyo liliwekwa wakfu tarehe 23 Aprili 685, na jiwe lenye maandishi ya siku hiyo lingali linaonekana. Mwaka uliofuata tauni iliingia. Watawa wote waliojua kusoma na kuimba Masifu walikufa, isipokuwa abati Ceolfrith na mtoto mmoja aliyemlea na kumfundisha mwenyewe. Wengi huamini kwamba mtoto huyo alikuwa Beda. Kwa muda wa juma moja wale wawili walijaribu kusali Zaburi bila antifona zake, kwa kuwa sauti mbili hazikutosha. Lakini abati hakuweza kuvumilia kuona sala ya Kanisa imepunguzwa hivyo. Kwa machozi mengi walirudia kuimba yote kama ilivyokuwa desturi, mzee upande mmoja na mtoto upande wa pili, mpaka wengine walipojifunza na kujiunga nao. Mtu aliyepitia shule ya namna hiyo hawezi kudhani kwamba elimu ni pambo. Aliona kwamba pasipo wa kufundisha na wa kufundishwa, hata sala yaweza kunyamaza.

Sheria ya Kanisa siku zile ilitaka mtu apate miaka 25 kabla ya kufanywa shemasi. Beda alipewa ushemasi akiwa na miaka 19, jambo linaloonyesha jinsi wakubwa wake walivyomwamini, na alipopata miaka 30 akafanywa padre. Tangu hapo kazi yake ikawa kuyafafanua Maandiko Matakatifu na kuwafundisha vijana wa monasteri. Wala hakuona aibu kuanza na mambo madogo. Aliwaandikia kitabu cha tahajia ya Kilatini na kitabu cha kanuni za mashairi. Aliwaeleza jinsi ya kuhesabu kwa vidole vya mikono mpaka kufikia maelfu. Aliwafundisha kwamba dunia ni mviringo kama mpira, na jinsi mwendo wa jua na mwezi unavyotumika kuitafuta tarehe ya Pasaka. Aliandika pia habari za bahari, jinsi maji yanavyojaa na kupwa kwa kufuata mwezi, na jinsi kila bandari ilivyo na saa yake ya maji kujaa. Mvuvi wa Lamu au wa Bagamoyo, azijuaye siku za bamvua na siku za maji mafu, angeweza kuzungumza naye vizuri sana.

Katika kazi hiyo ya hesabu liko jambo moja linalotugusa sote kila siku. Kuhesabu miaka tangu kuzaliwa kwake Bwana wetu kulianzishwa na mtawa Dionisi huko Roma katika karne ya 6, lakini watu wachache walikufuata. Beda ndiye aliyekutumia katika vitabu vyake, na vitabu hivyo vikakueneza katika nchi za Ulaya. Kila tarehe tuandikayo juu ya barua imepitia mikononi mwa mwalimu huyu.

Tusidhani kwamba maisha yake hayakuwa na uchungu. Mwaka 708 alipata habari kwamba watu fulani, wakiisha kunywa karamuni mbele ya Askofu Wilfrid, walimtaja kuwa mzushi. Kosa lake lilikuwa hesabu. Akiyafuata Maandiko kama Mtakatifu Hieronimo alivyoyatafsiri kutoka Kiebrania, alipata miaka 3,952 tangu kuumbwa ulimwengu mpaka kuzaliwa kwake Kristo, na watu walikuwa wamezoea kusikia zaidi ya miaka 5,000. Beda alichomwa moyo na alikasirika, wala hakuificha hasira yake. Lakini hakuwarudishia matusi kwa matusi. Aliandika barua, akaeleza hoja zake moja moja kwa utulivu wa mwalimu, akaomba isomwe mbele ya Askofu yule. Kisha akarudi darasani.

Uchungu mwingine ulikuwa wa mwanafunzi. Abati Ceolfrith alikuwa amewaagiza waandishi wa monasteri kunakili Biblia nzima mara tatu, katika vitabu vikubwa vya ngozi za ndama. Kitabu kimoja kwa kila nyumba, na cha tatu kwa ajili ya Baba Mtakatifu. Mwaka 716, akiwa mzee wa miaka 74, aliaga ghafla ili akipeleke mwenyewe kitabu hicho Roma na kufa huko. Watawa zaidi ya 600 aliowaacha walimsindikiza kwa kilio. Beda wakati huo alikuwa akiandika maelezo ya Kitabu cha Samweli, na habari hiyo ilimfadhaisha hata kalamu ikamshinda kwa muda. Mzee hakufika Roma. Alifariki tarehe 25 Septemba mwaka uleule mjini Langres, katika nchi ya Ufaransa ya leo. Kitabu chake kikaendelea na safari. Sasa kiko Firenze katika Italia, nacho ndicho cha zamani kuliko Biblia zote kamili za tafsiri ya Mtakatifu Hieronimo zilizosalia duniani. Basi Beda alijua maana ya kumpoteza aliyekufundisha kuimba Zaburi, na alijua kwamba baada ya machozi ni lazima kalamu ishikwe tena.

Mwaka 731 alimaliza kitabu chake kilicho maarufu kuliko vyote, Historia ya Kanisa la Waingereza. Twapenda wanafunzi wetu waangalie jinsi alivyofanya kazi hiyo. Kwanza alitaja waliompa habari, na mahali alipozipata. Aliwaandikia watu wa Canterbury, na padre mmoja wa London akamletea nakala za barua za Mapapa, alizozitafuta mwenyewe katika hazina ya maandishi ya Roma. Palipokuwa na jambo alilolisikia tu kwa watu, alisema wazi kwamba alilisikia. Hakutaka sifa ya maneno ya wengine, wala hakutaka msomaji adanganyike.

Novemba 734, afya yake ikiwa imekwisha kudhoofika, alimwandikia Egbert, Askofu wa York. Mwaka uliotangulia walikuwa wamekaa pamoja siku chache huko York wakisoma, nao walikusudia kufanya hivyo tena, ila ugonjwa ulimzuia Beda kusafiri. Katika barua hiyo mwalimu alisema kwa upole, lakini bila kuogopa cheo. Aliuliza ingekuwaje haki vijiji vya milimani na misituni vitozwe sadaka ya Askofu, hali havijaona Askofu kwa miaka mingi, wala hawana mtu wa kuwafundisha imani. Tena alisihi kwamba wote wasiojua Kilatini, wawe walei au hata mapadre, wafundishwe Baba Yetu na Nasadiki kwa lugha yao wenyewe. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuzitafsiri sala hizo mara nyingi kwa ajili ya mapadre wasio na elimu. Huyu alikuwa mtaalamu wa Kilatini kupita wote wa nchi yake, naye hakuidharau lugha ya mama zao.

Sasa tumekaribia mwisho. Karibu majuma mawili kabla ya Pasaka ya mwaka 735, Beda alianza kusumbuliwa na pumzi, ingawa maumivu hayakuwa makali. Hali hiyo iliendelea mpaka sikukuu ya Kupaa Bwana. Kila siku aliwapa wanafunzi wake masomo kama kawaida. Saa zilizobaki aliimba Zaburi, na usiku alikesha kwa sala na shukrani. Aliwaimbia pia utenzi mfupi kwa lugha ya kwao, kuwakumbusha kwamba yafaa mtu apime matendo yake kabla ya safari isiyoepukika. Mara nyingine, akiimba antifona ya Kupaa Bwana na kufika penye maneno ya kuomba tusiachwe yatima, alishindwa kuendelea akalia, na wanafunzi wakalia pamoja naye. Wakasoma na kulia kwa zamu.

Katika siku hizo alikuwa na kazi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa kuchagua na kusahihisha sehemu za vitabu vya Askofu Isidori wa Sevilla, maana hakutaka vijana wake wasome yasiyo kweli baada yake, na kupoteza juhudi yao bure. Ya pili ilikuwa kuitafsiri Injili ya Yohane kwa Kiingereza cha wakati ule, tangu mwanzo wake mpaka penye habari za mikate mitano na samaki wawili. Kazi hiyo aliikusudia kwa faida ya Kanisa.

Jumanne iliyotangulia Kupaa Bwana pumzi ilizidi kuwa nzito, na miguu ikaanza kuvimba. Hata hivyo alifundisha mchana kutwa kwa uso wa furaha, akiwahimiza wajifunze upesi, kwa kuwa hakujua atadumu siku ngapi, wala kama Muumba wake hangemwita mara. Jumatano, mapambazuko, aliwaagiza waandike kwa bidii yale yaliyoanzwa, wakafanya hivyo mpaka saa tatu. Saa hiyo watawa walitoka kwenda katika maandamano ya siku zile za maombi, wakichukua mabaki ya watakatifu. Mwanafunzi mmoja akabaki naye. Huyo alimwambia kwamba bado sura moja, akamwuliza kama si taabu kwake kuulizwa zaidi. Beda alimjibu kwamba si taabu. Achukue kalamu, aitengeneze, na aandike haraka.

Ilipofika saa tisa alimtuma Cuthbert akimbie kuwaita mapadre wa nyumba. Alikuwa na kasha dogo, na ndani yake vitu vichache: pilipili manga, vitambaa na ubani. Tusivicheke vitu hivyo, kwani pilipili manga ilitoka Bara Hindi na ilikuwa adimu mno katika nchi zile. Akawagawia, akamwomba kila mmoja amkumbuke katika Misa na katika sala. Wakaahidi kwa moyo. Waliposikia kwamba hawatauona uso wake kwa muda mrefu tena katika dunia hii, wote wakalia, lakini walifurahi pia kwa kuwa alisema wakati umefika wa kumrudia yeye aliyemwumba.

Jioni mtoto aliyekuwa akimwandikia, jina lake Wilberht, alimwambia kwamba bado sentensi moja haijaandikwa. Mwalimu akamwambia aandike. Baada ya kitambo kidogo mtoto akasema kwamba sasa imekwisha. Beda akakubali kwamba kweli imekwisha, akamwomba akishike kichwa chake, maana alipenda kuketi akielekea mahali pake patakatifu alipozoea kusali. Hivyo, juu ya sakafu ya chumba chake, usiku wa kuamkia sikukuu ya Kupaa Bwana, aliimba utukufu kwa Baba na kwa Mwana na kwa Roho Mtakatifu; na alipolitaja jina la Roho Mtakatifu, pumzi yake ya mwisho ikatoka.

Ile tafsiri ya Injili haikusalia. Hakuna nakala yake hata moja iliyopatikana. Mtu aweza kuuliza, basi, kwa nini mzee yule alijitesa hivyo kwa kazi iliyopotea? Jibu twalipata kwa wanafunzi wake. Cuthbert alikuwa abati wa nyumba ileile, na mwaka 764 twamwona akipeleka vitabu vya mwalimu wake mpaka Ujerumani, huku akiomba radhi kwamba havikuwa vingi zaidi, kwa kuwa baridi kali ya mwaka ule iliwazuia waandishi mikono yao. Kabla yake Mtakatifu Bonifasi, mtume wa Wajerumani, alikuwa ameomba apelekewe vitabu hivyo. Egbert aliistawisha shule ya York, na katika shule hiyo alilelewa Alcuin, ambaye mfalme Karoli Mkuu alimwita awe mwalimu wa jumba lake na wa nchi zake. Naye Alcuin, alipowaandikia watawa wa nyumba ya Beda, aliwataka vijana waukumbuke mfano wake. Papa Leo XIII alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1899, na mifupa yake yapumzika katika kanisa kuu la Durham. Mikate mitano ilikuwa michache, lakini ilimegwa mapema, na ikawafikia wengi.

Twaona hapa mafundisho yasiyohitaji maelezo mengi. Mzazi ampelekaye mtoto wake shuleni amtoe kwa moyo, na amfuate kwa sala zake, maana hajui ni mtu gani anayekua katika dawati lile. Mwalimu asiseme kwamba amechoka kuulizwa, wala asione haya kufundisha herufi na hesabu ndogo, wala asiwaachie watoto uongo kwa sababu ya uvivu wa kutafuta ukweli. Mwenye elimu asiifungie kashani. Aigawe mchana ungalipo, tena kwa lugha wanayoielewa walio nyumbani kwake.

Kwenu ninyi mliofundishwa, nasi tumo pamoja nanyi, tuna neno moja la mwisho. Beda hakuwaomba wanafunzi wake wamjengee kaburi wala wamsifu. Aliwaomba Misa na sala. Kila mmoja wetu ana mtu aliyemshika mkono na kumwonyesha herufi ya kwanza, na mwingine aliyemfundisha kufanya ishara ya Msalaba. Wengi wao wamekwisha kufariki. Pengine alikuwa katekista wa kijiji, na makaburi yao yameota majani. Basi jumapili hii, kabla ya kutoka kanisani, tuwataje kwa majina yao mbele ya Mungu. Na walio hai bado, tusingoje wafe ndipo tuwaandikie barua ya shukrani.